Kuuza ng'ombe kwa kesi ya kuku: Fatma Al Nabhani na maisha ya tenisi ya ngazi ya chini

Simama stendi ya Same, pale mabasi ya Arusha na Dar yanaposhusha abiria na wauza maji na karanga wanakimbilia madirishani, halafu uliza watu kuhusu tenisi ya wanawake. Utapewa jina moja: Serena. Mwenye kumbukumbu ataongeza Venus. Kijana wa Instagram atakutajia Coco Gauff au Naomi Osaka. Baada ya hapo ni kimya, na stori inarudi kwenye Simba na Yanga.

Si kosa la mtu. Same ni wilaya ya mkonge wa Makanya, tangawizi ya Mamba Miamba huko milimani, na Hifadhi ya Mkomazi upande wa pili. Kiwanja cha tenisi si kitu ambacho mtoto wa hapa anakipita akienda shule. Kwa hiyo tenisi inamfikia kupitia simu tu, na simu inamwonyesha mabingwa peke yao.

Lakini mabingwa ni bati la juu ya nyumba. Chini yao kuna kuta, kuna msingi, kuna maelfu ya wadada ambao kazi yao ni hiyo hiyo, wanapanda ndege, wanacheza, wanatoka jasho, na hakuna anayewajua. Wengi wanastaafu bila hata kuandikwa kwenye gazeti la kwao.

Wapare wana bahati moja: wana utani unaoeleza maisha hayo vizuri kuliko kitabu chochote. Tanzania nzima inawatania kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili agharamie kesi ya kuku. Watu wanacheka, mjomba mtu wa Upare naye anacheka, maisha yanaendelea. Sasa tenisi ya kulipwa ya ngazi ya chini ndiyo hiyo hiyo. Unauza ng'ombe. Unachokimbizana nacho ni kuku.

DOLA MOJA YA HOUSTON

Kwanza historia kidogo, maana bila hiyo hutaelewa hela ya tenisi ya wanawake ilitoka wapi.

Mwaka 1970 kulikuwa na mashindano Los Angeles, Pacific Southwest, ambayo bingwa wa kiume aliandaliwa dola 12,500 na bingwa wa kike dola 1,500. Mchezo ule ule, mji ule ule, wiki ile ile. Wanawake wakagoma. Tarehe 23 Septemba 1970, wachezaji tisa, akiwemo Billie Jean King na Rosie Casals, wakakusanyika Houston, Texas, wakasaini mkataba wa dola moja kila mmoja na Gladys Heldman, mwenye jarida la tenisi, ili waanzishe mashindano yao wenyewe. Dola moja! Walijua kabisa wanaweza kufungiwa na vyama vyao.

Mwaka 1973 chama cha wachezaji wanawake, WTA, kikazaliwa London. Mwaka huo huo US Open ikawa ya kwanza kati ya mashindano manne makubwa kuwalipa wanawake sawa na wanaume. Wimbledon ilichelewa mpaka 2007.

Hiyo ndiyo sehemu ya stori inayosimuliwa kila siku. Usawa ulikuja, Serena akaja, akachukua mataji 23 makubwa ya mchezaji mmoja mmoja na kuingiza zaidi ya dola milioni 94 za zawadi peke yake. Safi sana. Ila usawa ule ulikuwa wa kati ya wanawake na wanaume. Kati ya mwanamke wa juu na mwanamke wa chini, pengo lilizidi kufunguka.

HESABU INAYOGOMA

Shirikisho la Tenisi la Kimataifa, ITF, liliwahi kukaa chini na kupiga hesabu za mwaka 2013. Majibu yalikuwa ya kushtua.

Mwaka huo wanawake 4,862 walicheza mashindano ya kulipwa duniani. Kati yao, 2,212 hawakupata hata senti moja. Yaani karibu nusu walikwenda kazini mwaka mzima na kurudi mikono mitupu. Gharama za mchezaji wa kike kwa mwaka, nauli, hoteli, chakula, kufunga nyuzi za raketi, kufua nguo, bila kuhesabu kocha, zilikuwa wastani wa dola 40,180. Kwa shilingi ya wakati ule ni kama milioni 64. Na ili mwanamke arudishe gharama hizo tu, asipate faida wala hasara, alitakiwa awe kama wa 253 duniani.

Soma tena hapo. Kuwa wa 300 duniani, kwenye mchezo unaochezwa kila bara, maana yake unapata hasara. Mwanasheria wa 300 kwa ubora duniani angekuwa na jumba Masaki.

Sasa angalia zawadi zenyewe. Mashindano ya daraja la chini kabisa ya wanawake wakati huo yalikuwa ya dola 10,000. Watu wakisikia hivyo wanadhani bingwa anaondoka na 10,000. Hapana, hiyo ni ya kugawana wote. Bingwa alichukua dola 1,568. Aliyetoka raundi ya kwanza alichukua 98, kama laki moja na nusu ya Bongo, kabla ya kodi. Gawanya 40,180 kwa 1,568 uone: ilibidi uwe bingwa mara 26 kwa mwaka, kila baada ya wiki mbili, ndipo gharama irudi. Hakuna binadamu anayefanya hivyo.

Mwaka 2017 daraja hilo lilipandishwa likawa la dola 15,000, na wa raundi ya kwanza akasogea mpaka 147. Linganisha na Wimbledon ya 2025, ambapo aliyepoteza mechi ya kwanza tu aliondoka na pauni 66,000.

BINTI WA MUSCAT

Ndani ya hesabu hiyo ndipo alipoishi Fatma Al Nabhani.

Fatma alizaliwa Muscat, Oman, mwaka 1991. Kwa mtu wa Pwani, Muscat si ugenini kabisa. Kuna mitaa ya kule ambako Kiswahili kinasikika sokoni na misibani, kwa sababu ya familia zilizotoka Zanzibar na bara. Hata jina la Nabhani lina mwangwi huku kwetu: watawala wa zamani wa Pate, kule visiwa vya Lamu, walikuwa Wanabahani wenye asili ya Oman. Hiyo haimfanyi Fatma kuwa Mswahili, ila bahari ile imebeba majina kwenda na kurudi kwa karne nyingi.

Alipokuwa mtoto, msichana wa Oman kusema anataka kuwa mchezaji wa tenisi wa kulipwa ilikuwa kama binti wa Vudee kusema anataka kucheza mpira wa magongo wa kwenye barafu. Hakukuwa na dada wa kumwangalia. Kwa Waarabu wote, aliyekuwa amefika mbali ni Selima Sfar wa Tunisia, aliyegusa nafasi ya 75 duniani mwaka 2001. Kwenye Ghuba, njia ilikuwa haijafyekwa.

Alichokuwa nacho Fatma ni nyumba. Mama yake ndiye aliyekuwa kocha wake. Kaka zake, Mohammed na Khalid, walikuwa wachezaji, na wote wawili waliiwakilisha Oman kwenye Davis Cup. Yaani kwao tenisi ilikuwa kama kilimo cha familia: kila mtu ana jembe lake. Mtoto anayekua hivyo halipii kocha, halipii wa kufanya naye mazoezi, haombi ruhusa ya kwenda uwanjani. Zile gharama ambazo ITF haikuzihesabu, nyumba ilizibeba.

Akapanda. Akacheza mashindano ya vijana ya Grand Slam, kitu ambacho wasichana wa Ghuba hawakuwa wamezoea kukiona. Akaingia kwenye tenisi ya kulipwa ya wakubwa na akafika ndani ya 400 bora duniani. Watu walimwangalia pia kwa mavazi, maana alicheza na taitsi ndefu chini ya sketi na mikono iliyofunikwa, na waandishi wa nje hawakuchoka kumuuliza hilo. Yeye akaendelea kupiga mpira.

Mara kadhaa waandaaji wa mashindano makubwa ya Doha na Dubai walimpa nafasi ya mwaliko, ile ambayo mchezaji anaingizwa hata kama kiwango chake hakitoshi. Kwa wiki moja alikuwa chumba kimoja cha kubadilishia nguo na mastaa wa kwenye televisheni. Wiki inayofuata, kurudi kwenye viwanja vya nje visivyo na mashabiki.

WIKI YA KAZI

Picha ya maisha hayo ni muhimu, kwa sababu ndiyo inayokosekana kwenye simu.

Mashindano ya ngazi ya chini yana miji yake. Sharm el Sheikh kule Misri. Antalya kule Uturuki. Monastir kule Tunisia. Ni miji ya watalii, hoteli zina viwanja, na mashindano yanafuatana wiki baada ya wiki, kwa hiyo mchezaji anaweza kukaa mwezi mzima sehemu moja na kuokoa nauli. Ukisikia hivyo unadhani ni bata. Bata gani? Analala chumba kimoja na mpinzani ili wagawane bili. Anafua soksi kwenye sinki. Hakuna waokota mipira. Ukipiga nje, unaifuata mwenyewe. Mara nyingi hata waamuzi wa mstari hakuna, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Halafu kuna pointi. Ukishinda mechi unapata pointi, pointi ndizo zinazokupandisha nafasi. Lakini pointi ni kama unga kwenye gunia lililotoboka: zinakaa wiki 52 tu, kisha zinatoka. Ukivunjika kifundo cha mguu, ukafiwa, ukakosa viza, ukaishiwa nauli, orodha haikusubiri. Unaamka siku moja umeshuka nafasi mia, na hujapoteza hata mechi.

Mtu anaweza kuishi hivi mwaka mmoja kwa ushamba. Fatma aliishi hivi kuanzia usichana wake mpaka utu uzima, miaka na miaka. Huo si ushamba tena. Huyo ni mtu aliyejua bei na akakubali kulipa.

FAINALI MOJA, NJIA MBILI

Kuna anayesema: lakini kama una kipaji kweli, si utatoka tu huko chini? Jibu liko kwenye mechi moja ya Wimbledon.

Julai 2022, fainali ya wasichana ya wawili wawili. Upande mmoja Angella Okutoyi wa Kenya na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Upande wa pili Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko, binti wa wazazi waliotoka Kongo. Okutoyi na mwenzake wakashinda, na Kenya ikapata bingwa wake wa kwanza wa Grand Slam ya vijana.

Okutoyi alizaliwa Nairobi mwaka 2004. Mama yake alifariki wakati wa kumzaa yeye na pacha wake, wakalelewa na bibi. Tenisi aliianza akiwa mdogo sana, mtaa wa Loresho, kwa sababu uwanja ulikuwa karibu. Baadaye akachukuliwa na vituo vya ITF, kwanza Bujumbura, kisha Casablanca, njia ile ile aliyopita Sada Nahimana wa Burundi. Baada ya Wimbledon akaenda kusoma na kucheza Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani. Machi 2024 akachukua dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja kwenye Michezo ya Afrika kule Accra.

Na yule Mboko aliyepoteza? Naye alishuka kwenye shimo lile lile la ngazi ya chini. Alianza mwaka 2025 akiwa nje ya 300 bora duniani, yaani jirani kabisa na maeneo aliyoishi Fatma. Akaanza kushinda vile vikombe vidogo mfululizo. Agosti mwaka huo huo akamfunga Naomi Osaka kwenye fainali ya Canadian Open, Montreal, moja ya mashindano makubwa baada ya Grand Slam.

Ngazi ni ile ile. Hakuna anayeruka, wote wanapanda kwa miguu. Tofauti ni kwamba Mboko alipokuwa chini, alikuwa na shirikisho lenye kituo cha taifa, makocha na madaktari, linaloweza kumbeba mwaka mzima akijiuguza au akipoteza. Okutoyi alihitaji chuo cha Marekani kimbebe. Fatma alibebwa na nyumbani kwao. Kipaji kilikuwepo kwa wote watatu. Kilichotofautiana ni urefu wa muda ambao kila mmoja angeweza kuvumilia hasara.

Na hii ndiyo siri ya tenisi ya ngazi ya chini. Watu wanadhani ni mchujo wa nani anapiga mpira vizuri. Kwa sehemu kubwa ni mchujo wa nani ana mtu wa kumlipia akingoja.

NG'OMBE WA NANI?

Sasa rudi Same.

Michezo inayotawala shule zetu, kuanzia UMITASHUMTA mpaka UMISSETA, ni soka, netiboli, wavu, mpira wa mikono, kikapu na riadha. Tenisi ilikuja Tanganyika na wakoloni na ikakaa kwenye klabu zao, kule Gymkhana Dar es Salaam na Arusha na kwenye klabu ya Moshi. Uhuru ulifungua mageti, lakini viwanja vikabaki pale pale vilipojengwa. Reli ya Tanga kwenda Moshi ilipita Same kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, ikabeba mkonge, kahawa na watu. Raketi zilipita tu zikielekea mbele.

Kwa hiyo binti wa Same mwenye mkono mzuri, yule anayerusha jiwe likapiga embe la juu kabisa, yuko kama kilomita 100 kutoka Moshi. Hata akipata nauli ya kwenda, atahitaji raketi. Akipata raketi, atahitaji mtu wa kucheza naye kila siku, si kila sikukuu. Akifika umri wa miaka kumi na minne hajaanza, wenzake wa dunia wana miaka minane uwanjani.

Uwanja wa kwanza haulazimiki kuwa wa klabu. Ukuta wa darasa na mstari wa chokaa wenye urefu wa neti vinatosha kumfundisha mtoto kupiga mpira mara mia bila kukosa. Lakini ukuta unampa mtoto mwanzo tu. Baada ya hapo anahitaji kile walichokuwa nacho hao wengine: mama anayejua mchezo, au bibi anayeishi karibu na uwanja, au kituo kinachomchukua bila kuuliza baba yake ana shilingi ngapi. Chama cha Tenisi Tanzania kina kazi hapo, halmashauri ina kazi, na shule zina kazi.

Leo jina la Fatma halimo tena kwenye ratiba za kila wiki. Hakuna kombe la Grand Slam kabatini kwake. Ukipima kwa hela, alifanya kazi ya hasara. Ukipima kwa simu, hayupo. Lakini msichana wa Muscat anayeshika raketi leo hasemi tena kitu cha ajabu. Kuna dada aliyetangulia, ana jina, na kwenye orodha ya dunia jina hilo liliandikwa likiwa na OMA pembeni, wiki baada ya wiki, kwa miaka.

Hapo ndipo utani wa Wapare unapogeuka na kumcheka anayecheka. Muulize Mpare yeyote aliyewahi kufungua ile kesi ya kuku, atakuambia wewe hujaelewa: kuku alikuwa hana maana, alichokuwa anadai ni haki yake. Fatma hakuzunguka viwanja vile vyote kwa ajili ya dola 98. Alikuwa anadai haki ya kuwemo.

Same haina upungufu wa watu wa kudai namna hiyo. Inachopaswa kujibu ni kwamba siku binti wa hapa akifungua kesi yake, nani atatoa ng'ombe?